Usilitibu Goti Usilolijua

Kila Jumapili mechi za mchangani zinapochezwa, kuna goti linaloumia, na yanayofuata hufanana kila mahali. Mchezaji anabebwa hadi pembeni ya uwanja. Mmoja analimwagia goti maji, mwingine anauvuta mguu na kuunyonga ili goti "lirudi mahali pake". Jioni anapelekwa kwa mchua viungo, kesho yake ananunuliwa diklofenaki duka la dawa, na uvimbe ukishapungua anarudi uwanjani. Siku anapogeuka kwa kasi, goti linaachia na anaanguka tena, safari hii vibaya zaidi.

Mama wa miaka 60 anayepanda ngazi kwa kushika ukuta naye ana njia yake. Anaambiwa uteute wa magoti umekauka. Anauziwa virutubisho vya bei, anakunywa maji ya bamia kila asubuhi, anachomwa sindano asiyoijua jina. Anakatazwa kutembea, na mapaja yake yanazidi kusinyaa.

Wote wawili wametibiwa kabla ya mtu yeyote kuuliza goti lina nini. Goti huuma kwa sababu nyingi, na tiba ya tatizo moja inaweza kuwa madhara kwa jingine. Kulichua goti lililojaa usaha ni hatari kwa maisha. Kulipumzisha goti linalosagika kwa miezi mingi hulidhoofisha. Kulikimbiza hospitali goti lililovimba pamoja na homa ni jambo la saa, lakini kumkimbiza mtu kwenye upasuaji wa kano mara nyingi si lazima. Ushauri wangu kwako, ndugu msomaji, ni huu: dai kwanza ujue tatizo la goti lako linaitwaje, ndipo ukubali dawa, sindano au kisu.

Goti lilivyoundwa

Mfupa wa paja unakutana na mfupa wa ugoko, na mbele yake iko pia ya goti, mfupa mdogo unaoteleza kila unapokunja mguu. Ncha za mifupa hii zimefunikwa kwa gegedu laini. Kati ya paja na ugoko vimelala vipande viwili vya gegedu gumu vyenye umbo la herufi C, ambavyo madaktari huviita meniskasi. Kazi yake ni kuutawanya uzito wa mwili ili usielemee sehemu moja ya mfupa.

Goti hujikunja na kunyooka kama bawaba ya mlango, ila bawaba hii haikupigiliwa misumari. Imeshikwa na kano nne, zile ambazo mtaani wengi huziita mishipa na hospitalini huitwa ligamenti. Kano ya ndani na kano ya nje zinazuia goti lisiyumbe upande. Kano mbili nyingine zinapishana katikati ya goti: ya mbele inauzuia ugoko usichomoke kwenda mbele na inadhibiti mzunguko wa goti, ya nyuma inauzuia ugoko usirudi nyuma. Juu ya hizo zote iko misuli ya paja, na huo ndio ulinzi pekee wa goti ambao mtu anaweza kuujenga mwenyewe.

Jeraha lilivyotokea husema mengi kuliko picha

Daktari mzuri wa mifupa hukaa kitako na kuuliza kabla hajagusa. Maswali yake makubwa ni manne: ulikuwa unafanya nini, ulisikia nini, goti lilivimba baada ya muda gani, na sasa linakataa kufanya nini. Ukiyajibu vizuri, umempa nusu ya kazi.

Chukua kiungo mshambuliaji anayekimbia na mpira. Anakita mguu wa kulia, mwili unageuka kushoto, njumu imeng'ang'ania majani. Hakuna aliyemgusa. Ndani ya goti kinasikika kitu kikisema "ta!", anaanguka, na kabla ya jua kuzama goti limejaa. Hapo kano ya mbele ndiyo ya kushukiwa kwanza. Kano hii ina mishipa midogo ya damu, na ikikatika damu huvuja ndani ya kiungo. Ndiyo maana uvimbe unakuja ndani ya saa chache. Majeraha mengi ya kano ya mbele hutokea bila mtu kugongwa: katika kutua baada ya kuruka, kusimama ghafla, au kubadili mwelekeo.

Mchezaji aliyepigwa teke au kuangukiwa upande wa nje wa goti, goti likasukumwa kwenda ndani, na sasa maumivu yako upande wa ndani, huenda ameumia kano ya ndani. Dereva wa bodaboda aliyeangukia goti lililokunjwa, au abiria ambaye ugoko wake uligonga dashibodi, achunguzwe kano ya nyuma.

Meniskasi ina tabia nyingine. Mtu amechuchumaa, akageuka huku mguu umebanwa chini. Maumivu yapo, lakini uvimbe unakuja polepole na wengi huuona kesho yake asubuhi. Baadaye goti linakwama: linakunjika lakini halinyooki hadi mwisho, kana kwamba kuna kitu kimebanwa ndani. Kwa mtu wa makamo, meniskasi inaweza kuchanika kwa kunyanyuka tu kutoka kwenye kigoda.

Siku tatu za kwanza

Goti likiumia, mchezo umekwisha kwa siku hiyo. Usimruhusu nahodha wala kocha akushawishi ujaribu "kidogo tu". Kano iliyochanika nusu inaweza kukatika yote, na goti lisilo na kano ya mbele likiendelea kuyumba huchana meniskasi.

Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, urudie kila baada ya saa mbili au tatu ukiwa macho. Usiiweke juu ya ngozi tupu, kwa maana huunguza. Funga bendeji ya kuvutika bila kukaza hadi vidole vikafa ganzi. Lala ukiwa umeinua mguu kwa mito, uwe juu ya usawa wa moyo. Kama huwezi kukanyaga, tumia magongo. Kwa maumivu, parasetamo inatosha kwa wengi.

Siku hizi tatu za mwanzo usilikande kwa maji moto, usilichue, usinywe pombe, usilivute wala kulinyonga. Joto na kuchua huongeza damu inayovuja. Kama kuna mfupa uliovunjika, anayevuta mguu anaweza kuuhamisha na kukata mshipa wa damu.

Je, kila goti lililoumia linahitaji eksirei? Madaktari wa Ottawa, Kanada, waliunda kanuni katika miaka ya 1990 ambayo mpaka leo hutumika vyumba vya dharura duniani kote. Eksirei inahitajika kama mgonjwa ana miaka 55 au zaidi, kama anaumia akibonyezwa kwenye pia ya goti peke yake au kwenye kichwa cha mfupa mwembamba ulio nje ya ugoko, kama hawezi kulikunja goti hadi pembe mraba, au kama alishindwa kutembea hatua nne pale alipoumia na bado anashindwa hospitalini. Lakini kumbuka kwamba eksirei huonyesha mifupa tu. Kuambiwa "eksirei iko safi" hakumaanishi kano ziko salama, na wachezaji wengi wamerudishwa uwanjani kwa kutojua jambo hilo.

Usisubiri kesho

Zipo hali ambazo makala, ndugu na jirani hawana nafasi, ni hospitali tu, tena usiku huohuo.

Ya kwanza ni goti lililovimba, lenye moto, lisilogusika, na mgonjwa ana homa au anatetemeka. Hilo huenda lina usaha ndani. Bakteria huweza kulila gegedu ndani ya siku chache, na sumu yake ikienea kwenye damu huua. Watoto, wazee, wenye kisukari, wenye selimundu na wenye kinga dhaifu wako kwenye hatari zaidi.

Ya pili ni ajali kubwa, hasa ya bodaboda, iliyokata kano kadhaa kwa pamoja au kulitegua goti lote. Nyuma ya goti unapita mshipa mkubwa wa damu unaolisha mguu mzima kuanzia hapo kwenda chini. Goti likiteguka kisha likarudi lenyewe, kwa nje laweza kuonekana limevimba tu, kumbe mshipa umepasuka. Linganisha miguu yote miwili: ulioumia ukiwa wa baridi, umepauka, umekufa ganzi, au mapigo ya mguuni hayasikiki, mgonjwa afikishwe haraka mahali penye daktari wa upasuaji. Damu ikikatika zaidi ya saa sita, uwezekano wa kuupoteza mguu unapanda sana. Mwambie daktari waziwazi: "Pima mapigo ya mguuni."

Ya tatu ni mtoto. Mtoto akilalamika goti na ukaliona goti halina kitu, achunguzwe nyonga, kwa sababu ugonjwa wa nyonga kwa watoto mara nyingi huuma gotini. Na kijana mwenye maumivu karibu na goti yanayomwamsha usiku, na uvimbe unaokua wiki hadi wiki, apigwe eksirei mapema. Saratani ya mifupa ya vijana hupenda sana eneo la goti, na anayewahi ana nafasi kubwa ya kupona kuliko aliyechuliwa miezi sita kwanza.

Juu ya kitanda cha uchunguzi

Ukilala kitandani, daktari huanza na mguu usioumia, ili apate cha kulinganisha. Kwa kano ya mbele atalikunja goti kidogo, nyuzi 20 hadi 30, mkono mmoja ukishika paja juu ya goti na mwingine ukishika ugoko chini yake, kisha atauvuta ugoko taratibu kuja mbele. Goti lenye kano nzima hufika mahali likagota, unausikia ukomo wake. Goti lililokatika kano linaendelea kuteleza, na mwisho wake ni laini, hauna kizuizi. Kipimo hiki kinaitwa kwa jina la John Lachman, daktari wa mifupa wa Philadelphia, na kilichapishwa mwaka 1976. Hakihitaji umeme wala mashine. Kinahitaji mikono iliyofundishwa na mgonjwa aliyelegeza misuli.

Hapo ndipo ugumu ulipo: siku ya kwanza misuli imekaza kwa maumivu na goti limejaa damu, kwa hiyo kipimo kinaweza kudanganya. Ukiambiwa "hakuna kitu" siku ileile ya kuumia, rudi baada ya wiki moja au mbili uchunguzwe tena.

Goti lililojaa likichomwa sindano na kutolewa maji, bomba lenyewe linasema. Damu tupu kwa mtu aliyeumia huashiria kano iliyokatika au jeraha jingine kubwa la ndani. Damu yenye matone ya mafuta yanayoelea juu maana yake mfupa umevunjika na uboho umevuja. Maji ya njano yanayopitisha mwanga huonekana kwenye goti linalosagika. Maji mazito yenye ukungu ni ya kupelekwa maabara mara moja, kwani yanaweza kuwa usaha, au ni jongo, na hadubini ndiyo itakayoamua kwa kuziona chembe za yurik asidi. Bomba hilo la maji lisitupwe. Omba lipimwe.

MRI huonyesha kano na meniskasi vizuri, lakini ni ghali na haipaswi kuwa hatua ya kwanza. Kwa watu wazima inaweza hata kupotosha. Mwaka 2008 watafiti wa Framingham, Marekani, waliwapiga picha watu 991 wenye umri wa miaka 50 hadi 90. Wengi wa waliokutwa na meniskasi zilizochanika hawakuwa na maumivu yoyote. Kwa hiyo mchaniko ulioonekana kwenye picha si lazima uwe ndio unaokuumiza. Picha isomwe pamoja na maelezo yako na mikono ya daktari.

Kano imekatika. Nipasuliwe?

Kano ya ndani ina damu ya kutosha na hujiunga yenyewe mara nyingi, hata ikichanika sana. Inahitaji bresi, muda wa wiki chache hadi miezi mitatu kulingana na ukubwa wa jeraha, na mazoezi. Kano ya nyuma ikiumia peke yake nayo mara nyingi hutibiwa bila kisu. Kano ya mbele ndiyo yenye mjadala, kwa sababu ikikatika kabisa mara nyingi haijiungi vizuri.

Watu wengi hudhani kukatika kwake ni hukumu ya upasuaji. Sivyo. Nchini Sweden watafiti waliwagawa vijana 121 walioikata kano hiyo katika makundi mawili: kundi moja lilipasuliwa mapema na kufanya mazoezi, jingine lilianza na mazoezi na kupewa nafasi ya kupasuliwa baadaye ikihitajika. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Baada ya miaka miwili makundi hayo hayakutofautiana kwa maana katika maumivu na utendaji wa goti, na katika kundi la mazoezi kwanza, 36 kati ya 59 walikuwa hawajahitaji kisu. Utafiti huo haukuwahusisha wachezaji wa kulipwa, lakini unamhusu karani, mwalimu, mkulima na muuza duka, yaani walio wengi.

Upasuaji una nafasi yake. Unamfaa anayetaka kurudi kwenye michezo ya kukata kona kama soka, mpira wa kikapu na netiboli, mtu ambaye goti linaendelea kuachia hata baada ya miezi mitatu ya mazoezi ya kweli, na mwenye kano zaidi ya moja zilizokatika au meniskasi inayoweza kushonwa. Goti linalokwama kwa meniskasi iliyojikunja lisicheleweshwe. Daktari huingiza kamera kwa matundu madogo, anachukua kipande cha kano ya misuli ya nyuma ya paja au cha kano iliyo chini ya pia ya goti, anatoboa njia kwenye mifupa na kukifunga mahali pa kano iliyokatika. Kwa Tanzania, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, inafanya upasuaji huu. Ulizia hospitali ya kanda iliyo karibu nawe kabla ya kufikiria kwenda nje.

Kabla ya kusaini karatasi, muulize daktari: nini kitatokea nisipopasuliwa? Umepasua magoti mangapi ya aina hii? Nani atanisimamia mazoezi baada ya hapo, na kwa muda gani? Asipokuwa na jibu la swali la mwisho, subiri. Upasuaji bila mazoezi ni fedha iliyotupwa.

Na usiuharakishe uwanja. Virgil van Dijk wa Liverpool alikata kano ya goti la kulia tarehe 17 Oktoba 2020 dhidi ya Everton, na hakugusa mechi, hata ya kirafiki, hadi mwishoni mwa Julai 2021. Huyo alikuwa na madaktari na wataalamu wa mazoezi kila siku. Utafiti uliofanyika Norway na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi ambao mchezaji aliongeza kusubiri, hadi kufikia mwezi wa tisa, ulipunguza hatari ya kuumia tena kwa karibu nusu. Zaidi ya kalenda, goti liwe halivimbi, na mguu ulioumia uwe na angalau asilimia 90 ya nguvu ya mwenzake.

Mazoezi ndiyo dawa yenyewe

Wiki ya kwanza baada ya jeraha, msuli wa mbele wa paja huanza kulala, na kila siku unayokaa tu unapungua. Anza nyumbani, juu ya mkeka. Nyoosha mguu, kunja khanga iwe mviringo mnene, iweke chini ya goti. Kaza paja ukiikandamiza khanga hiyo chini, hesabu hadi kumi, achia. Rudia mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Kisha hamishia khanga chini ya kisigino, uliache goti linyooke lenyewe kwa dakika kadhaa. Kulirudisha goti kunyooka kabisa ni lengo la kwanza, maana goti lisilonyooka halitembei sawasawa.

Hatua inayofuata ni kuinua mguu ulionyooka, kisha kukaa na kusimama kutoka kitini bila kushika mikono, kupanda na kushuka ngazi moja, kusimama kwa mguu mmoja. Kuruka na kukimbia huja mwisho. Fanya hayo chini ya mtaalamu wa fiziotherapia, aliyeko katika hospitali nyingi za rufaa, ambaye wagonjwa wengi hupita mlangoni kwake bila kuingia. Maumivu kidogo wakati wa zoezi si dalili ya kuharibu, mradi yawe yametulia ndani ya saa 24 na goti lisiamke limevimba. Yakizidi hapo, punguza, usiache.

Goti linalouma bila kuumia

Kama goti limeanza kuuma lenyewe, angalia saa na angalia viungo vingine. Goti linalosagika hukakamaa asubuhi kwa dakika chache, hulegea ukitembea, na huuma zaidi jioni baada ya kazi. Baridi yabisi inayotokana na kinga ya mwili kujishambulia hukakamaza kwa saa nzima au zaidi, na hupenda viungo vidogo vya vidole vya mikono yote miwili. Huyu asikae na dawa za maumivu. Zipo dawa zinazozuia viungo kuharibika, na zinafaa zaidi zikianzwa mapema.

Jongo, au gauti, huja ghafla, mara nyingi usiku, na goti au kidole gumba cha mguu kinakuwa chekundu hata shuka haligusiki. Bia, pombe nyingine na nyama za ndani huichochea. Kifua kikuu cha goti huenda polepole: uvimbe wa miezi, paja kusinyaa, kukonda, jasho la usiku. Na mtu aliyepata homa kali na maumivu ya viungo vingi kwa pamoja afikiriwe chikungunya, ugonjwa wa mbu ambao ulielezwa kitabibu kwa mara ya kwanza baada ya mlipuko wa 1952 katika uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanzania, na ambao huweza kuacha maumivu ya viungo kwa miezi.

Magoti ya wazee wetu

Kusagika kwa gegedu ndilo tatizo linalowatesa wengi zaidi, na ndilo linalouziwa uongo mwingi. Tuanze na uteute. Goti linalosagika halijakauka; mara nyingi lina maji kuliko kawaida, ndiyo maana linavimba. Bamia ni mboga nzuri, na supu ya kongoro ina lishe, lakini mlenda wa bamia humeng'enywa tumboni kama chakula kingine, hausafiri kwenda gotini. Mama apewe bamia kwa sababu anaipenda, asitegemee itamponya.

Vidonge vya kupunguza uvimbe kama diklofenaki na ibuprofeni vikinywewa kila siku kwa miezi huleta vidonda vya tumbo, hupandisha shinikizo la damu na kuharibu figo, zaidi kwa wazee. Jeli ya kupaka ni salama zaidi kwa goti. Mchanganyiko usio na jina unaomwondolea mtu maumivu yote kwa siku mbili uuogope, kwani unaweza kuwa umetiwa dawa za steroidi kama prednisolone au dexamethasone, ambazo zikitumiwa kiholela hupandisha sukari, hudhoofisha mifupa na kushusha kinga. Sindano ya steroidi ndani ya goti, ikichomwa na daktari kwa usafi, hutuliza kwa wiki kadhaa. Isigeuzwe kuwa ya kila mwezi.

"Kusafisha goti" kwa kamera nako kusikuvutie. Mwaka 2002 madaktari wa Houston, Marekani, walichapisha jaribio la wagonjwa 180 wenye magoti yanayosagika: baadhi walisafishwa goti kweli, wengine walichanjwa ngozi tu bila kufanyiwa kitu ndani. Waliosafishwa hawakupata nafuu kuliko wenzao.

Kinachosaidia kinajulikana. Kupunguza uzito kwanza: kila kilo moja unayopunguza huliondolea goti mzigo wa kilo nne kwa kila hatua. Pili ni kuimarisha mapaja kwa zoezi la kukaa na kusimama, mara kumi kwa awamu tatu, siku tatu kwa wiki, pamoja na kutembea kila siku kadiri uwezavyo. Tatu ni fimbo, na wengi huishika vibaya: goti la kulia likiuma, fimbo ishikwe mkono wa kushoto, nayo iende mbele pamoja na mguu unaouma. Choo cha kuchuchumaa kiwekewe kiti. Anayeshindwa kupiga magoti asali amekaa kitini. Dini zetu hazikumkalifisha mgonjwa.

Goti likifika mahali halilali usiku na haliruhusu hata kutembea sebuleni, kubadilishwa goti ni tiba ya kweli. Takwimu za nchi zinazotunza rejista zinaonyesha magoti zaidi ya 8 kati ya 10 bado yanafanya kazi baada ya miaka 25.

Kwa makocha, wazazi na wagonjwa

Kocha, timu yako haihitaji fedha ili kuyalinda magoti. Programu ya FIFA 11+ ni ya kama dakika 20 za kupasha mwili: kukimbia, nguvu, mizani, na kujifunza kutua ukiwa umekunja magoti bila kuyaacha yaangukie ndani. Ikifanywa angalau mara mbili kwa wiki, tafiti zimeonyesha majeraha hupungua kwa theluthi moja au zaidi. Wasichana waanze mapema, kwa sababu hatari yao ya kukata kano ya mbele ni kubwa mara kadhaa kuliko ya wavulana katika mchezo uleule.

Na wewe unayekwenda hospitali wiki hii, chukua karatasi uandike: siku goti lilipoanza, ulikuwa unafanya nini, lilivimba baada ya saa ngapi, kama linakwama au kuachia, dawa zote ulizokwisha kunywa pamoja na za mitishamba, na magonjwa mengine uliyonayo. Vaa nguo inayopandishwa juu ya paja kwa urahisi. Ukimaliza kuchunguzwa, uliza ugonjwa wako unaitwaje, uandike jina hilo kwenye karatasi ileile. Ukishakuwa na jina, unaweza kumuuliza mtaalamu wa pili, unaweza kukataa unachouziwa dukani, na unaweza kumweleza mtaalamu wa mazoezi unachotaka kurudia kukifanya. Usitoke chumbani bila hilo jina.